Msikate Pingili: Cheni Iliyokwisha Haiponi kwa Loki

Kwenye vijiwe vya bodaboda na kwa mafundi wa pikipiki kuna imani moja iliyokomaa kiasi kwamba hakuna tena anayeihoji. Cheni ikilegea, vuta gurudumu nyuma. Ikilegea tena, na gurudumu limeshafika mwisho wa nafasi yake, kata pingili mbili, tia loki ya kuunganisha ncha, safari iendelee. Cheni ikija kukatika barabarani, lawama zote anatupiwa mmoja: "Loki za siku hizi hazina kitu."

Naipinga imani hiyo kuanzia kichwa hadi mkia. Kukata pingili za cheni iliyolika si matengenezo. Loki si kitu cha kuokotwa kwenye kopo la vyuma vilivyochanganyika. Na loki ikifunguka njiani, mara nyingi haikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa la aliyeichagua na aliyeifunga. Nasema hivi nikijua kwamba napingana na watu wanaokula kwa jasho lao, wenye mikono yenye uzoefu kuliko yangu. Lakini abiria aliyebebwa nyuma ya pikipiki hiyo, aghalabu mama na mtoto mgongoni, hana habari na mabishano yetu. Yeye ameamini tu kwamba atafika.

Tuanze na cheni yenyewe, kwa sababu upotofu wote unaanzia hapo.

Watu wanadhani cheni inarefuka kwa kuwa chuma chake kimevutika. Si kweli. Cheni ya pikipiki kimsingi ni ile ile aliyoibuni Hans Renold mjini Manchester mwaka 1880: pini imepita ndani ya bushi, bushi imevikwa rola, na mabamba ya chuma yamezishikilia pande mbili. Mabamba hayavutiki kwa kazi ya kawaida. Kinachotokea ni kwamba kwenye kila kiungo pini na bushi vinasuguana. Vumbi likiingia na mafuta yakikosekana, pini inalika upande mmoja, bushi inalika upande unaoikabili, na pingili moja inaanza kuachana na mwenzake kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Pikipiki ya kubebea abiria ya cc 100 hadi 150 mara nyingi hutumia cheni ya namba 428 yenye pingili zinazokaribia 118. Kila kiungo kikilika kwa robo ya milimita tu, jumla yake ni karibu milimita 30. Huo ndio urefu unaouona cheni inaponing'inia na kugonga kava.

Sasa fundi anakata pingili mbili. Ameondoa karibu milimita 26, gurudumu limerudi mbele, cheni imekaa sawa, dereva anafurahi. Lakini pingili 116 zilizobaki zimepona nini? Hakuna. Kila moja bado ina robo milimita yake ya ulegevu. Meno ya sproketi yamechongwa kwa ajili ya cheni yenye umbali wa milimita 12.7 kutoka pini hadi pini. Cheni hii sasa ina wastani wa 12.95. Rola haziketi tena chini kwenye shina la jino, zinapanda kuelekea kwenye ncha. Mzigo uliopaswa kugawanywa na meno mengi unabebwa na machache. Meno hayo yanachongoka, yanalala upande mmoja, na baada ya muda hata ukinunua cheni mpya itaharibiwa na sproketi iliyoharibiwa na cheni ya zamani. Kilichofanyika siku ile ya kukata ni kuficha dalili. Ulegevu ndio uliokuwa ukimwambia dereva kwamba cheni imekwisha, nasi tukaunyamazisha.

Tena, kwenye cheni iliyolika namna hiyo, loki mpya inakuwa mgeni. Yenyewe ina pini nzima na vipimo vya kiwandani. Majirani zake wote wamelika. Kila inapopita kwenye sproketi haiketi kama wanavyoketi wao, na inapita mara nyingi kuliko watu wanavyofikiri. Chukua pikipiki yenye gurudumu la inchi 17, sproketi ya nyuma ya meno 42 na cheni ya pingili 118, ikienda kilomita 40 kwa saa. Ukipiga hesabu, loki inamaliza mzunguko wake takriban mara mbili kwa kila sekunde, zaidi ya mara 7,000 kwa saa moja. Katika kila mzunguko inakunjwa na kunyooshwa kwenye sproketi mbili, inavutwa kwa nguvu ikiwa juu, inaachiwa ikiwa chini. Hicho ndicho kipande tunachokinunua bila kuuliza namba.

Kabla sijafika kwenye namba, nimjibu anayesema: basi fundi atajuaje kwamba cheni imekwisha? Atajua kwa rula. Si lazima kifaa cha kiwandani, rula ya mwanafunzi ya sentimita 30 inatosha. Vuta cheni ikaze, anza katikati ya pini moja, hesabu pingili 20, soma umbali hadi katikati ya pini ya 21. Cheni mpya ya 428 itakupa milimita 254. Ukisoma 259, cheni imerefuka kwa asilimia 2. Watengenezaji hutofautiana kidogo, wengine huweka kikomo karibu na asilimia 1, wengine huruhusu hadi 3, na kitabu cha pikipiki husika ndicho chenye kauli ya mwisho. Pima sehemu tatu au nne za cheni, kwa kuwa hailiki sawasawa. Na kama rula haipo, shika cheni pale ilipozunguka nyuma kabisa ya sproketi kubwa, uivute kuelekea nyuma. Ikiachana na sproketi mpaka ukaona nusu ya jino, usitafute ushahidi mwingine. Kazi hii yote haimalizi dakika tano. Sijaona sababu ya kuiacha isipokuwa mazoea.

Kuna kukata kuliko halali, na lazima nikuseme ili nisieleweke vibaya. Cheni mpya huweza kuuzwa ikiwa ndefu kuliko inavyohitajika, na hapo fundi anakata ziada ili ilingane na pikipiki. Hiyo ni kazi yake. Vilevile cheni nzima iliyopata dhara mahali pamoja, labda jiwe limeingia na kupinda bamba, inaweza kutolewa pingili mbovu, ikaunganishwa kwa loki sahihi, mtu akafika nyumbani salama. Ugomvi wangu ni na kukata cheni iliyolika mwili mzima kana kwamba ugonjwa uko kwenye pingili mbili zile tu.

Tuje kwenye loki. Nenda kwenye duka la spea, iwe Kariakoo jijini Dar es Salaam au Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, uombe loki ya cheni. Muuzaji asipokuuliza cheni yako ni namba ngapi, ondoka. Atakapokupa kipande na kusema "hii inaingia zote," ujue kwamba hakuna kipande kama hicho duniani.

Namba zilizogongwa kwenye mabamba ya cheni hazikuwekwa kwa urembo. Tarakimu ya kwanza inaeleza umbali kati ya pini na pini kwa sehemu za nane za inchi: 4 ni nusu inchi, yaani milimita 12.7, na 5 ni milimita 15.875. Tarakimu mbili zinazofuata zinaeleza upana wa ndani, pale jino la sproketi linapoingia. Kwa hiyo 420 na 428 zina umbali mmoja wa pini, lakini 420 ni nyembamba: milimita 6.35 kwa takriban 7.9. Loki ya 420 haiwezi kukaa kwenye cheni ya 428, na hilo mafundi wengi wanalijua, kwa sababu inakataa waziwazi.

Hatari iko mahali ambapo kipande hakikatai waziwazi. Hapo ndipo herufi moja, H, inapoleta msiba. Cheni ya 428H ina umbali ule ule na upana ule ule wa ndani kama 428 ya kawaida. Rola ni zile zile. Inapita kwenye sproketi zile zile. Tofauti ni unene wa mabamba: 428 kwa kawaida ina mabamba ya milimita 1.5, na 428H ina ya milimita 2. Nusu milimita, utasema, ina nini? Pini ya loki inapita kwenye mabamba mawili ya ndani ya cheni kabla ya kufika kwenye bamba lake la nje. Loki ya 428 ya kawaida imekatwa ipite kwenye mabamba ya milimita 1.5, ikikutana na mabamba mawili ya milimita 2, inapungukiwa na milimita nzima. Na kwenye ncha ya pini hiyo ndipo ulipochongwa mfereji ambamo klipu, ile inayozuia bamba lisichomoke, inatakiwa kulala, mfereji mwembamba wa kiasi hicho hicho.

Tazama kwa karibu kinachotokea. Fundi anapenyeza pini, anaweka bamba, na bamba halishuki vya kutosha. Mfereji umechungulia nusu. Anachukua nyundo. Anapiga mpaka bamba la nje linabana la ndani, mfereji unajitokeza kidogo, klipu inaingia kwa taabu na kukalia ukingo. Sasa kiungo hicho hakikunjiki kama vingine. Ukizungusha gurudumu polepole kwa mkono utaona mahali pamoja cheni inapopanda, inagoma kunyooka, kisha inashuka kwa ghafla. Klipu nayo haijalala mahali pake. Imeshikilia kwa ncha. Dereva anaondoka, na baada ya siku chache anarudi akisema loki haikuwa nzuri. Loki ilikuwa nzuri kabisa, kwa cheni nyingine.

Geuza hali hiyo: loki ya 428H kwenye cheni ya 428. Hii inaingia kwa ulaini unaofurahisha, na ndiyo maana haishukiwi. Lakini imebaki na milimita moja ya kucheza kushoto na kulia. Bamba linagonga klipu kila mzunguko, klipu inalika na kuwa nyembamba, mpaka siku inachomoka.

Hata namba zikifanana pamoja na herufi, loki za watengenezaji wawili si lazima ziingiliane, kwa kuwa unene wa pini na ukubwa wa tundu la bamba hutofautiana kidogo. Kwa cheni zenye oringi ndio kabisa usijaribu. Loki yake inakuja na oringi nne, mbili zinakaa ndani na mbili nje, pamoja na grisi yake. Oringi moja ikisahauliwa, vumbi linapata mlango na kiungo kimoja kinakufa mapema kuliko vyote. Sheria ni fupi: loki itoke kwa mtengenezaji yule yule wa cheni, kwa cheni ile ile. Seti mpya inakuja na loki yake. Siku hiyo hiyo ya kununua seti, nunua loki ya pili ya aina hiyo, ifunge kwenye kipande cha nailoni na uiweke chini ya kiti. Hiyo ndiyo loki ya dharura inayostahili jina hilo.

Kuna wanaosema: tatizo ni klipu yenyewe, kitu chembamba namna ile hakiwezi kushika cheni. Hoja hii inavutia kwa sababu klipu kweli ni nyembamba. Lakini klipu haivuti mzigo. Mzigo wa injini unabebwa na pini mbili na mabamba mawili. Kazi ya klipu ni kuzuia bamba lisichomoke kando, basi. Pikipiki nyingi ndogo hutoka kiwandani zikiwa na loki ya klipu. Wapo pia waendesha motokrosi wanaoruka matuta na cheni za 520 zilizofungwa kwa klipu. Kwenye pikipiki kubwa zenye nguvu nyingi watengenezaji hutaka loki ya kupigiliwa, ambayo ncha za pini zake hupanuliwa kwa kifaa maalumu hadi kipimo kilichoandikwa, na hapo napo nyundo na tindo haviruhusiwi, kwani ncha ikipanuliwa kupita kiasi inapasuka na ikipungua inaachia. Kwa bodaboda yetu ya kawaida, klipu iliyofungwa vizuri inatosha.

Iliyofungwa vizuri ni ipi?

Cheni ikusanywe juu ya sproketi ya nyuma, ncha zake mbili zikae kwenye meno yanayofuatana, ili sproketi ndiyo izishike na si vidole. Loki ipenyezwe kutoka ndani, upande wa gurudumu, ili bamba na klipu vibaki nje mahali ambapo dereva anaviona kila asubuhi. Bamba lisukumwe sawasawa pini zote mbili mpaka mifereji yote miwili ijitokeze mizima; ikibaki nusu, kipande si chake, kirudishwe dukani. Klipu iingizwe kwa kuteleza, ukibana kwa koleo kati ya mkia wa klipu na pini. Isitanuliwe kwa bisibisi, maana klipu iliyotanuliwa haitabana tena. Na klipu iliyokwisha kutolewa isirudishwe. Ni kipande cha bei ndogo mno, kinatolewa kwa kupindwa, na kila kikipindwa kinapoteza ugumu wake.

Halafu mwelekeo. Klipu ina upande uliofungwa na upande ulio wazi. Upande uliofungwa ndio unaotangulia kule cheni inakokwenda. Loki ikiwa kwenye mstari wa juu wa cheni, upande huo utazame mbele ya pikipiki. Ikishuka mstari wa chini, utakuwa unatazama nyuma. Sababu yake ni wazi. Klipu ikigongana na jiwe, tope lililokauka au kava iliyopinda, inagongwa kwa mbele. Kama mbele ni upande uliofungwa, pigo linaizamisha zaidi kwenye pini. Kama mbele ni upande ulio wazi, pigo linaisukuma itoke. Nimeziona pikipiki nyingi zilizoegeshwa vijiweni zikiwa na klipu iliyotazama kinyume, na nyingine zisizo na klipu kabisa, zimekazwa kwa waya wa kufungia nondo. Mtu aliyefunga waya ule alijua kwamba si sawa. Hakuna fundi asiyejua hilo. Alifanya hivyo kwa sababu mwenye pikipiki alikuwa amesimama pembeni akisema, "Nifungie tu nimalizie siku."

Wengine wameona dawa ni kuchomelea. Loki ikishaingia, fundi wa kuchomea anaitwa, anagusa ncha mbili za pini kwa moto, na watu wanaambiwa kwamba sasa haitatoka milele. Hili ndilo linalonitisha kuliko yote. Pini ya cheni imegumishwa kiwandani kwa joto lililopimwa, nje ngumu ya kustahimili msuguano, ndani yenye uvumilivu wa kustahimili mishtuko. Moto wa kuchomelea haujui vipimo hivyo. Unaharibu ugumu pale ulipogusa na unaweza kuacha ufa mdogo pembeni ya bamba. Cheni hiyo itaonekana imara kwa wiki kadhaa, kisha itakatika pembeni kidogo tu ya ule uchomeleaji, na watu wataapa kwamba mahali palipochomelewa hapakuguswa. Ni kweli hapakuguswa, na ni kule kuchomelea kulikokata.

Na pingili nusu, ile iliyopindwa ili cheni iwe na idadi isiyo shufwa? Iacheni. Bamba lake lililopinda linavutwa kwa pembe, na watengenezaji wenyewe huipunguzia mzigo unaoruhusiwa.

Cheni ikikatika hutokea nini? Ukiwa na bahati, inaanguka barabarani na injini inanguruma bure. Ukiwa unapanda mlima na abiria wawili, Lushoto au Kisii, pikipiki inaanza kurudi nyuma. Ukikosa bahati kabisa, cheni inajikusanya kwenye sproketi ya mbele, inajibana kati yake na mwili wa injini, inapasua kava, na gurudumu la nyuma linafunga papo hapo. Pikipiki iliyofunga gurudumu ikiwa katikati ya magari haina dereva tena.

Najua jibu la haraka litakuwa: "Unaongea kama mtu asiyelipa hesabu." Hoja hii naiheshimu kuliko zote. Mara nyingi dereva wa bodaboda si mwenye pikipiki. Anapeleka hesabu kila jioni kwa tajiri, au yuko kwenye mkataba ambao akikosa siku kadhaa pikipiki inachukuliwa. Kwake, loki inanunuliwa kwa pesa ya abiria mmoja au wawili, na seti ya cheni na sproketi zake inakula mapato ya siku kadhaa. Kumwambia anunue seti ni rahisi kwa mtu aliyekaa kwenye kiti cha ofisi.

Lakini tufuatilie pesa yenyewe. Cheni iliyokatwa pingili inaishi muda mfupi kisha inalegea tena, na sasa hakuna nafasi ya kukata mara ya pili bila gurudumu kugoma kuingia. Katika muda huo imekula sproketi zote mbili. Imetumia mafuta zaidi kwa kuwa inasugua badala ya kuzunguka. Ikikazwa kupita kiasi ili kufidia, inavuta beringi za gurudumu na shafti ya injini inayobeba sproketi ya mbele, na hapo matengenezo yanahamia ndani ya injini. Pikipiki nyingi ndogo hutakiwa kuwa na ulegevu wa milimita 20 hadi 30 katikati ya mstari wa chini. Cheni iliyonyooka kama kamba ya nguo ni hasara inayosubiri siku yake. Unafuu wa kukata pingili ni wa siku ile tu, na gharama yake inabebwa na miezi inayofuata. Anayeibeba ni dereva, wakati chombo ni cha tajiri.

Ndiyo maana nasema wa kwanza kuulizwa asiwe fundi wala dereva, awe mwenye pikipiki. Cheni na sproketi ni vitu vinavyokwisha kwa kawaida yake, kama matairi. Mkataba unaomtwika dereva matengenezo yote bila kumwachia hata siku moja ya kutengeneza unanunua waya wa nondo pale penye klipu. Mwenye pikipiki anayepokea hesabu kila jioni hana haki ya kushangaa asubuhi anapopigiwa simu kutoka wodi ya majeruhi.

Wapo pia wanaosema kwamba kanuni hizi za vipimo ni za nchi zenye lami, na sisi tuna vumbi. Hoja hii inajigeuza yenyewe. Vumbi ndilo linalolisha msuguano kati ya pini na bushi. Nchi yenye vumbi inahitaji rula zaidi, na mafuta zaidi, na loki sahihi zaidi. Cheni isafishwe kwa mafuta ya taa na kitambaa au brashi laini, ikauke, itiwe oili upande wa ndani ambako itasambaa ikizunguka. Yenye oringi isioshwe kwa petroli, inaziharibu.

Imani hii haikai kwenye pikipiki tu. Katika gereji za magari makubwa utaona mnyororo wa kunyanyulia injini uliokatika ukaunganishwa kwa bolti na nati. Mnyororo wa kunyanyulia wa daraja la 80 wenye unene wa milimita 8 umeidhinishwa kubeba tani 2 kwa mguu mmoja ulionyooka, na kiungo chake cha kuunganishia kinatakiwa kiwe cha daraja hilo hilo na unene huo huo, kikiwa na alama yake. Ukitia bolti ya dukani, mnyororo haubebi tena tani 2. Unabeba kile bolti ile inachoweza, na hakuna anayejua ni kiasi gani mpaka injini itakapoanguka karibu na mguu wa mtu.

Walimu wa vyuo vya ufundi vya VETA, wekeni rula mkononi mwa kila mwanafunzi wa pikipiki kabla ya nyundo, na msimpitishe asiyejua tofauti ya 428 na 428H. Wenye maduka ya spea, acheni kuuza loki kwa kopo. Ziuzeni zikiwa kwenye pakiti zenye namba na jina la mtengenezaji, na mkatae kumpa mteja asiyejua namba ya cheni yake mpaka aende kuisoma. Mafundi, mkiletewa cheni iliyozidi kipimo, kataeni kuikata hata mwenye pikipiki akikasirika, kwa sababu akipata ajali atasema ninyi ndio mlioifunga, na atakuwa anasema kweli. Nawe abiria, kabla hujapanda, inama utazame upande wa cheni. Ukiona waya pale penye klipu, mshukuru dereva na utafute pikipiki nyingine.